Samitier: Kipenzi cha Barcelona aliyevuka hadi kwa mahasimu

KICHWA cha nguruwe kilichotupwa uwanjani Camp Nou mnamo Novemba 23, 2002 kilimlenga mtu mmoja tu: Luis Figo, winga Mreno aliyekuwa akienda kupiga kona akiwa na jezi ya Real Madrid. Miaka miwili kabla ya usiku huo, alikuwa nahodha msaidizi wa mioyo ya mashabiki hao hao waliokuwa wakimzomea.

Wengi waliotazama kioja hicho kwenye runinga walidhani hasira ya aina hiyo ni zao la mamilioni ya pesa yaliyotapakaa katika soka ya kisasa. La hasha. Takriban miaka 70 awali, mwanasoka aliyeenziwa Barcelona kuliko Figo aliipita njia iyo hiyo ya kuelekea Madrid. Isitoshe, aliipita mara mbili. Jina lake ni Josep Samitier.

Samitier alizaliwa jijini Barcelona Februari 2, 1902. Alijiunga na klabu ya jiji lake mwaka 1919 akiwa kijana wa miaka 17, na inasimuliwa kwamba malipo yake ya kutia sahihi yalikuwa saa ya mkononi yenye kung'aa gizani pamoja na suti ya vipande vitatu. Enzi hizo kandanda ya Uhispania ilikuwa bado ya ridhaa, angalau kwa maandishi. Wachezaji hawakutarajiwa kulipwa, ingawa kila mtu alijua kwamba walio bora hawakurudi nyumbani mikono mitupu.

Mwaka mmoja baadaye alikuwa Antwerp, Ubelgiji, na kikosi cha Uhispania kilichotwaa nishani ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya 1920. Langoni alisimama rafiki yake mkubwa, Ricardo Zamora.

Alianza kama kiungo kisha akasogea mbele na kuwa mfungaji hatari. Aliruka hewani kuufuata mpira kwa namna iliyowafanya mashabiki wampe lakabu ya mtu panzi. (Katika lugha ya Kikatalani neno hilo hilo humtaja pia kamba mkubwa wa baharini, jambo ambalo limewapotosha watafsiri wengi.) Mabao yake, yakijumlishwa na yale ya mechi za kirafiki, yalipita 300.

Umati uliokuja kumtazama yeye na Paulino Alcántara, mshambuliaji mzaliwa wa Ufilipino, uliufanya uwanja wa zamani wa mashabiki 6,000 uwe mdogo mno. Ndipo klabu ikajenga Les Corts, uliofunguliwa Mei 1922 ukiwa na nafasi ya zaidi ya watu 20,000. Katika kipindi chake Barcelona ilinyakua Kombe la Uhispania mara tano, na ligi ya kwanza kabisa ya taifa hilo, ya msimu wa 1928/29, ikaishia mikononi mwake.

Ili kuelewa kilichofuata, sharti msomaji akumbuke kwamba Barcelona haikuwa timu ya kandanda tu. Chini ya udikteta wa Miguel Primo de Rivera, lugha na bendera ya Catalonia vilibanwa, na watu wakabaki na uwanja wa mpira kama mahali pa kutolea yaliyo moyoni. Mnamo Juni 1925 mashabiki waliuzomea wimbo wa taifa wa Uhispania pale Les Corts. Serikali ikaufunga uwanja huo, na Joan Gamper, Mswisi aliyeiasisi klabu hiyo mwaka 1899, akalazimika kuondoka nchini kwa muda. Alijitoa uhai mwaka 1930.

Baada ya kifo hicho klabu iliyumba. Siasa ziliwateka watu, idadi ya wanachama ikashuka na fedha zikapungua. Samitier naye alikuwa akizeeka kimchezo, na akakosana na wakuu wa klabu. Mchezaji aliyeujaza uwanja kwa zaidi ya mwongo mmoja akajikuta anaonekana kama mzigo wa gharama.

Mwaka 1933 akaenda Madrid.

Klabu hiyo wakati huo ilijulikana kama Madrid tu, kwani taji la kifalme katika jina lake lilikuwa limeondolewa Uhispania ilipogeuka jamhuri mwaka 1931. Zamora alikuwa ametangulia huko. Kwa mashabiki wa Barcelona, maelezo hayo yote hayakuwa na uzito. Walichokiona ni sanamu yao waliyoichonga wenyewe ikisimikwa katika nyumba ya hasimu, na wengi wakaiita hatua hiyo usaliti. Madrid ikatwaa ligi msimu huo huo, na Kombe la Uhispania mwaka uliofuata. Donda likatiwa chumvi.

Haki itendeke hapa. Lawama zilimwangukia mchezaji, ilhali waliomfungulia mlango walikuwa viongozi walioshindwa kuelewana naye. Shabiki aghalabu humwona anayeondoka. Ni nadra kumwona aliyemsukuma.

Alistaafu haraka Madrid na kujaribu ukufunzi na Athletic ya jiji hilo, timu inayoitwa leo Atlético, lakini hakuweza kuinusuru isishushwe daraja mwaka 1936. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka huo, alikamatwa na wanamgambo, akaachiliwa, kisha akatorokea Ufaransa kwa meli ya kivita. Huko Nice alivaa jezi tena, akiwa na Zamora.

Alirejea Barcelona mwaka 1944, safari hii kama kocha. Mara hii hakuwa na miguu ya kuwalipa mashabiki, ila akili. Msimu wake wa kwanza ulileta taji la ligi la 1945, la kwanza kwa Barcelona tangu lile la 1929 alilolitwaa kama mchezaji. Tangu hapo ni wachache waliotaka kuzungumzia 1933.

Alipoacha ukufunzi mwaka 1947 aliendelea kuitafutia klabu vipaji. Mwaka 1950 alimnasa László Kubala, mkimbizi kutoka Hungary ambaye Madrid pia ilimmezea mate. Kubala aliukumbusha umma wa Les Corts siku za panzi mwenyewe, na umati wake ukachangia kujengwa kwa Camp Nou, uwanja uliofunguliwa mwaka 1957.

Kisha, ajabu ya maajabu, akahamia tena Real Madrid. Alikuwa ametofautiana na kocha Helenio Herrera, akakubali kuwatumikia mahasimu katika kazi ile ile ya kusaka vipaji. Safari hii kelele hazikuwa kama za awali. Huenda watu walikuwa wamemzoea mtu huyu aliyekuwa na marafiki kila upande, kuanzia mchoraji Salvador Dalí hadi mwimbaji wa tango Carlos Gardel, na aliyeonekana kutofahamu kabisa kwa nini urafiki ukome kwenye rangi ya jezi.

Samitier alifariki Mei 4, 1972 katika jiji alimozaliwa, akazikwa kwa heshima kubwa. Mtaa mmoja kando ya Camp Nou una jina lake, na mashabiki huupita wakienda uwanjani kuizomea Real Madrid.