Jean Bosco Mwenda

Jean Bosco Mwenda (pia anajulikana kama Mwenda wa Bayeke, 1930 – Septemba 1990) alikuwa mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi kutoka Katanga, kusini mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa upigaji wa gitaa kavu kwa vidole katika Afrika ya Kati na ya Mashariki. Wimbo wake Masanga, uliorekodiwa mwaka 1952, ni kati ya vipande vya gitaa vya Kiafrika vilivyochunguzwa na kuigwa sana.

Asili na ujana

Alizaliwa Bunkeya, kijiji kisicho mbali na mji wa Jadotville (leo Likasi). Bunkeya ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Wayeke, ulioanzishwa katika karne ya 19 na Msiri, mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyetoka sehemu za magharibi ya Tanzania ya leo kufuata shaba na pembe za ndovu. Jina Mwenda lilikuwa pia jina la Msiri mwenyewe, na Kiyeke ni lugha ya karibu na Kisumbwa. Kwa hiyo msomaji wa Tanzania hasomi hapa habari za mgeni kabisa.

Mwenda alisoma shule, akaweza kupata kazi za ofisini, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa wapiga gitaa wa wakati wake. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Elisabethville (leo Lubumbashi). Miji hiyo ilikuwa imekua kwa ajili ya migodi ya shaba ya kampuni ya Union Minière, iliyokusanya wafanyakazi wa makabila mengi. Kiswahili kiliwaunganisha, na ndicho alichokitumia Mwenda katika nyimbo zake nyingi, ingawa ni Kiswahili cha Katanga, chenye maneno na matamshi yanayomfanya msikilizaji wa pwani ategee sikio.

Kurekodiwa kwa Masanga

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Mwenda Jadotville akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili hivi. Nyimbo alizozirekodi zilitolewa kwenye santuri na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, kwa nembo ya Gallotone. Nembo hiyo ilienea hata wazee wa Dar es Salaam wakazoea kuliita gitaa kavu lenyewe „galatoni“.

Santuri za wakati ule zilichukua takribani dakika tatu kwa upande mmoja, na mtunzi ilimbidi amalize maneno yake humo. Baada ya Masanga zilifuata nyingine nyingi, zikiwemo Bombalaka na Tambala Moja. Kwa njia ya santuri na redio jina lake lilifika Rhodesia, Kenya, Uganda na Tanganyika kabla yeye mwenyewe hajafika.

Upigaji wake

Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, yaani gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene na kupiga besi. Shahada ilipiga sauti ya juu kwenye nyuzi nyembamba. Juu ya hizo mbili aliimba. Anayesikia Masanga kwa mara ya kwanza mara nyingi hudhani kuna magitaa mawili. Sababu ni kwamba gumba halifuati shahada. Lina mwendo wake, na mahali pengine mapigo mawili ya kidole kimoja huangukia katika muda wa mapigo matatu ya kingine, kama zifanyavyo ngoma. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alichunguza upigaji huo noti kwa noti katika makala zilizotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Uchaguzi wa vidole hivyo viwili unaeleweka ukiutazama mkono wenyewe. Misuli mikubwa inayokunja vidole haiko vidoleni, iko kwenye kigasha, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu. Kano za kidole cha kati, cha pete na cha mwisho zimeunganika kwa kiasi fulani, ndiyo maana kidole cha pete ni kigumu kukiinua peke yake. Gumba lina misuli yake chini ya kiganja, na shahada ina msuli wake wa kuinyoosha. Ndivyo vidole vilivyo huru kuliko vingine.

Hata hivyo uhuru huo hauji bila mazoezi. Njia inayofaa kwa anayejifunza mtindo huu ni kuanza na gumba peke yake, polepole, mpaka liende bila kufikiriwa; ndipo aongeze noti moja ya shahada, kisha ya pili. Anayeanza na vidole vyote kwa kasi ya santuri huishia kukaza kigasha, na mkono uliokazwa huchoka kabla wimbo haujaisha. Kupasha mkono moto kwa noti nyepesi kabla ya kupiga kwa nguvu husaidia mikono yote miwili, hasa wa kushoto, ambao hauna nafasi ya kukikwepa kidole cha pete.

Gitaa la besi la umeme lililotengenezwa na Leo Fender lilitoka Marekani mwaka 1951, mwaka mmoja tu kabla ya Masanga kurekodiwa. Bendi za dansi za Afrika Mashariki zilipopata vyombo vya umeme, kazi ya gumba la Mwenda ilipewa mtu mzima mwenye gitaa lake, na kazi ya shahada ikaenda kwa wapiga solo na rizimu. Lubumbashi yenyewe ilitoa bendi ya namna hiyo, Orchestra Maquis, iliyohamia Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na kupiga kwa miaka mingi Ubungo. Mpiga besi wa Kinondoni au Temeke anayetaka kujua besi ilikuwaje kabla ya kupata chombo chake atafaidika kusikiliza gumba la Masanga. Vidole vyake atavitumia kwa namna nyingine, kwa maana wapiga besi wengi hupokezana shahada na kidole cha kati.

Nairobi na safari nyingine

Karibu na mwaka 1960 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi cha redio. Wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwa kumsikiliza. Binamu yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa, alipata umaarufu huko pia.

Muziki haukuwa kazi yake pekee. Kwa nyakati mbalimbali aliajiriwa benki, serikalini na katika kampuni ya migodi ya Gécamines, na baadaye alikuwa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Gitaa la peke yake lilikuwa limepitwa na bendi za umeme, na mtu aliyejulikana nchi nyingi alipita mjini kwake kama karani.

Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport nchini Marekani. Serikali ya Mobutu ilipoagiza raia waache majina ya Kikristo, mwaka 1972, alianza kutumia Mwenda wa Bayeke. Mwingereza John Low alimfuata Lubumbashi kujifunza mtindo wake, akaandika habari za safari hiyo katika kitabu kilichotoka 1982. Mwaka huohuo Mwenda alipiga Ulaya.

Mwaka 1988 alirekodi Cape Town albamu nzima studioni. Alifariki Septemba 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Albamu ya Cape Town ilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder mwaka 1994, na ndani yake gumba na shahada bado vinafanya kazi ileile ya 1952.