Maisha ya Handel, Mtungaji wa Muziki

Hapana shaka wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha kuusikia ule wimbo ambao kwaya za kwetu huuita Haleluya Kuu. Huimbwa wakati wa Krismasi na Pasaka, mijini na vijijini, lakini wengi wauimbao hawamjui aliyeutunga. Kwa hiyo nimeona vema nieleze kwa ufupi habari za mtu huyo, maana maisha yake yana mafunzo kwetu sisi tulio bado shuleni.

George Frideric Handel alizaliwa tarehe 23 Februari, 1685, katika mji wa Halle, Ujerumani. Baba yake alikuwa kinyozi na tabibu, naye alitaka mwanawe asome sheria. Muziki hakuupenda hata kidogo. Inasimuliwa kwamba mtoto alipata kinanda kidogo, kikafichwa darini, akawa anajifunza usiku watu walipolala. Siku moja mtawala wa Weissenfels alimsikia akipiga kinanda cha kanisa, akamshauri baba yake asikizime kipaji kile. Mzee akakubali, mtoto akapewa mwalimu, jina lake Zachow.

Handel alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Halle mwaka 1702, lakini mwaka uliofuata alikwenda Hamburg kufanya kazi ya muziki. Kisha alikaa Italia miaka kadhaa akijifunza kutunga opera, yaani michezo ya kuigiza ambayo maneno yake huimbwa. Mwaka 1710 alifika London kwa mara ya kwanza, na baadaye akafanya makao yake huko. Mwaka 1727 alipata uraia wa Uingereza, na mwaka huo huo akatunga wimbo wa kutawazwa kwa Mfalme George wa Pili. Wimbo huo umeimbwa katika kutawazwa kwa kila mfalme na malkia wa Uingereza tangu siku hiyo, hata mwaka 2023.

Lakini mambo hayakumwendea vizuri siku zote. Kulitokea kundi jingine la opera mjini London, makundi mawili yakagombania watazamaji wale wale, na yote mawili yakapata hasara kubwa. Mwaka 1737 Handel alishikwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukapooza. Kwa mpiga kinanda hilo ni pigo kubwa. Alikwenda Aachen kuoga katika maji ya moto ya chemchemi, akapona, akarudi kazini. Wahenga wetu walisema kweli kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwaka 1741 rafiki yake, Charles Jennens, alimpa maneno aliyoyakusanya kutoka Biblia. Handel aliyatungia muziki kwa siku 24 tu, na kazi hiyo ndiyo Messiah, ambayo ndani yake imo Haleluya Kuu. Iliimbwa mara ya kwanza mbele ya watu mjini Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili, 1742. Wanawake waliombwa wasivae magauni yenye pete pana, na wanaume wasije na panga zao, ili ukumbi uchukue watu wengi zaidi. Fedha zilizopatikana zilikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, na watu 142 wakalipiwa deni wakatoka gerezani.

Toka mwaka 1750 Messiah iliimbwa kila mwaka kwa faida ya nyumba moja ya London iliyolea watoto waliotupwa. Nyumba hiyo ilipata maelfu ya pauni, na katika wasia wake Handel aliiachia nakala ya muziki huo.

Hata hivyo, si haki kusimulia mema peke yake. Wataalamu wamechunguza hesabu za zamani, wakaona kwamba mnamo mwaka 1720 Handel alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyofanya biashara ya watumwa kutoka Afrika ya Magharibi. Kwa msomaji Mwafrika jambo hili ni zito. Mimi nasema tulijue na tusilifiche. Sadaka alizotoa hazifuti kosa hilo. Wala kosa hilo halifuti mema waliyotendewa wafungwa na watoto wale. Yafaa maisha ya mtu mkubwa yasomwe yote, tupate kujua lipi la kuiga na lipi la kuepuka.

Mwaka 1751 macho yake yalianza kuharibika, na baadaye akawa kipofu. Lakini hakuacha kupiga kinanda mbele ya watu. Tarehe 6 Aprili, 1759, alihudhuria Messiah kwa mara ya mwisho, na siku nane baadaye akafariki, akiwa na umri wa miaka 74. Alizikwa Westminster Abbey, London, na mazishi yake yalihudhuriwa na watu wengi sana.

Handel hakuoa wala hakuacha mtoto. Urithi wake ni muziki wake. Basi, wenzangu, tutakapoimba tena Haleluya Kuu, tumkumbuke mtu aliyepooza mkono akarudi kazini, tena tukumbuke ni nani waliofunguliwa gerezani kwa sababu ya muziki ule.