Seyyid Said bin Sultan na Merikebu Zake (1791–1856)

1.0 Utangulizi

Jina la Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, hutajwa kwa kawaida pamoja na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Ni kweli kwamba mambo hayo yalikuwa mihimili ya utawala wake. Hata hivyo, yote matatu yalitegemea jambo la nne, nalo ni manowari. Bila ya merikebu zenye mizinga, mtawala aliyezaliwa katika nchi kavu ya Omani asingeweza kuitiisha Mombasa, wala kuyahamishia makao yake Unguja, wala kuwatuma wajumbe New York na London. Makala haya yanaeleza maisha ya mtawala huyo kwa kufuata historia ya merikebu zake. Hoja kuu ni kwamba merikebu zilimpa dola kubwa ya pwani, lakini hazikumpa uhuru wa kuiendesha dola hiyo apendavyo. Aidha, amri yake ilikuwa na nguvu pale tu mizinga yake ilipoweza kufika.

2.0 Kuzaliwa na kushika madaraka

Seyyid Said alizaliwa mwaka 1791 huko Samail, bara ya Omani. Babu yake, Ahmad bin Said, ndiye aliyekuwa mwasisi wa utawala wa ukoo wa Albusaidi. Baba yake, Sultan bin Ahmad, alitawala Maskati na kuifanya kuwa bandari kubwa katika njia ya biashara baina ya India na Ghuba. Mwaka 1804 Sultan alikuwa safarini katika Ghuba. Karibu na pwani ya Lingeh, baada ya kuiacha merikebu yake kubwa na kuingia katika chombo kidogo, alishambuliwa na mahasimu wake akauawa. Hivyo, mauti ya baba yalitokea baharini, kama yatakavyotokea ya mwana miaka 52 baadaye.

Said na nduguye Salim walikuwa bado vijana, na madaraka yakashikwa na jamaa yao, Badr bin Saif. Mwaka 1806 Said alimuua Badr kwa mkono wake, na tangu hapo akawa mtawala kwa nusu karne. Shangazi yake, Bibi Moza binti Ahmad, alikuwa nguzo muhimu katika miaka hiyo ya mwanzo.

3.0 Kuundwa kwa manowari

Omani haina misitu ya kutoa mbao za merikebu kubwa. Msaji uliotumiwa ulitoka pwani ya Malabar, na mafundi hodari wa kuuchonga walikuwa Bombay, ambako ukoo wa Kiparsi wa Wadia ulisimamia uundaji wa merikebu kwa vizazi kadhaa. Huko ndiko ilikoundwa merikebu yake kubwa kuliko zote, iliyoitwa Liverpool, ambayo ilishushwa majini mwaka 1826 ikiwa na mizinga 74. Merikebu ya kiasi hicho ililingana na zile zilizopigana katika safu za mbele za vita vya majini vya Ulaya. Pamoja nayo zilikuwapo Shah Alam, Caroline na nyinginezo.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba tangu mwanzo nguvu hizo zilitoka mahali palipokuwa chini ya mamlaka ya Waingereza. Seyyid Said alikuwa pia mshirika wao vitani. Alishiriki katika mashambulizi yao dhidi ya Waqasimi wa Ras al-Khaimah mwaka 1809, na tena mwaka 1819. Pale alipojaribu kushinda peke yake katika Ghuba, mambo yalikuwa magumu: aliishambulia Bahrain mwaka 1816 na mwaka 1828, na mara zote mbili alishindwa. Hakuwa mtu wa kuogopa vita. Mwaka 1820, katika mapigano ya nchi kavu dhidi ya Bani Bu Ali, alijeruhiwa mkono alipokuwa akijaribu kumwokoa askari mmoja wa Kiingereza. Lakini ushujaa wa mtu mmoja haukuyabadili matokeo ya vita hivyo, ambavyo viliishia kwa kushindwa.

4.0 Vita vya Mombasa na Siyu

Katika pwani ya Afrika Mashariki hali ilikuwa tofauti, kwa sababu miji ya huko ilikuwa visiwani au ufukoni. Baada ya Walamu kuwashinda Wamombasa na Wapate katika vita vya Shela, waliomba hifadhi ya Seyyid Said, naye akawapelekea liwali. Baadaye Wamazrui wa Mombasa wakanyang'anywa Pemba. Mwaka 1824 Wamazrui walipata hifadhi ya Nahodha Owen wa jeshi la majini la Uingereza, lakini serikali ya Uingereza haikuikubali hifadhi hiyo, na mwaka 1826 ikaondolewa.

Kwa msimu wa kaskazi, Seyyid Said alitweka matanga kutoka Maskati na kufika Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1828, akiwa mwenyewe pamoja na Liverpool. Baada ya mapigano ulifikiwa mwafaka, askari wake wakaingia Ngomeni, naye akaendelea hadi Unguja kwa mara ya kwanza maishani mwake. Lakini machafuko ya Omani yalimrudisha Maskati, na mara tu manowari zilipotoweka, Wamombasa waliwazingira askari wale na kuwatoa. Mashambulizi ya miaka iliyofuata, likiwamo la mwaka 1833, hayakufua dafu. Ni katika vita hivyo ambapo mshairi Muyaka bin Haji alijipatia sifa ya kuwa sauti ya Mombasa. Hatimaye, mwaka 1837, Ngome ilichukuliwa kutokana na mfarakano wa Wamazrui wenyewe na ushawishi wa Seyyid Said kwa wapinzani wao, wala si kwa mizinga. Wakuu wa Wamazrui walikamatwa wakapelekwa uhamishoni katika Ghuba.

Siyu ilidhihirisha mpaka wa nguvu hizo kwa uwazi zaidi. Mji huo uko ndani ya hori lenye mikoko na maji haba, mahali ambapo manowari haiwezi kukaribia. Mwaka 1845 jeshi la Seyyid Said lililoshuka kisiwani Pate lilishindwa na watu wa Bwana Mataka, na amiri wa jeshi hilo akauawa.

5.0 Manowari katika biashara na lugha

Wakati wa amani merikebu za Seyyid Said hazikukaa bure. Manowari ileile iliyobeba baruti ilibeba pia karafuu, pembe na tende, kwani mwenye dola ndiye aliyekuwa mfanyabiashara mkuu wa dola. Baada ya kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, aliituma Sultana, merikebu yenye mizinga 14, chini ya uongozi wa Ahmad bin Naaman. Ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840, na humo mlikuwa na farasi wawili waliokuwa zawadi kwa Rais Van Buren. Karakana ya jeshi la majini la Marekani iliitengeneza Sultana bila malipo kabla ya kurejea. Mwaka 1842 merikebu hiyohiyo ilimpeleka London mjumbe Ali bin Nasser.

Waliofanya kazi ndani ya merikebu hizo walikuwa mchanganyiko wa Waarabu, Waswahili na Wahindi, na askari wengi walikuwa Wabaluchi. Mchanganyiko wa namna hiyo, ambao ni wa kale kuliko Albusaidi, unaonekana katika msamiati wa bahari wa Kiswahili. Nahodha na serahangi ni maneno yenye asili ya Kiajemi, baharia ni la Kiarabu, bendera ni la Kireno, na manowari limetoholewa kutoka Kiingereza. Kila taifa lililotawala maji hayo liliacha neno lake melini.

6.0 Zawadi na mikataba

Mwaka 1836 Seyyid Said alimzawadia Mfalme William IV wa Uingereza merikebu yake ya Liverpool. Waingereza waliibadili jina wakaiita Imaum, na ikaishia kuwa merikebu ya bandarini huko Jamaika. Badala yake alipewa Prince Regent, jahazi la fahari la kifalme ambalo baadaye alimpa Gavana Mkuu wa India. Ubadilishanaji huo unaeleza mengi: mwenye manowari nyingi aliongezewa manowari, na mwenye chache alipewa chombo cha starehe.

Mikataba ilikwenda kwa mwendo huohuo. Mkataba wa mwaka 1822 ulipiga marufuku uuzaji wa watumwa kwa Wakristo na kuziruhusu manowari za Kiingereza kuvikamata vyombo vilivyowabeba kuvuka mpaka uliowekwa. Ule wa mwaka 1845 ulikataza kuwasafirisha kutoka himaya yake ya Afrika kwenda Asia. Mashamba ya karafuu, hata hivyo, yaliendelea kulimwa na watumwa waliovushwa kutoka bara kwa majahazi. Hivyo bahari ambayo mtawala huyu aliiona kuwa njia yake ya utajiri ilikuwa, kwa maelfu ya watu, njia ya utumwa. Na aliyekuwa na uwezo wa kuifunga njia hiyo hakuwa yeye.

7.0 Hitimisho

Mwaka 1854 Seyyid Said alirudi Omani kushughulikia mgogoro wa Bandar Abbas na Waajemi. Akiwa njiani kurejea Unguja ndani ya merikebu yake Victoria, iliyopewa jina la malkia wa Uingereza, alifariki karibu na Ushelisheli tarehe 19 Oktoba 1856. Desturi ya safari ndefu ni kumzika maiti baharini, lakini mwili wake ulihifadhiwa hadi Unguja ukazikwa huko. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, alijaribu kunyakua madaraka bila mafanikio. Majid akabaki Unguja na Thuwaini Omani, na mwaka 1861 uamuzi wa Gavana Mkuu wa India ukaigawa dola rasmi.

Dola iliyounganishwa na merikebu iligawanyika pale merikebu za kuiunganisha zilipokosa mwenye kuziamuru peke yake. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliharibu merikebu za Barghash, aliyekuwa ametawazwa miaka miwili kabla. Glasgow, iliyoundwa Uingereza kwa amri yake mwaka 1878, ilizamishwa na manowari za Kiingereza mbele ya kasri la Unguja tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofikia saa moja. Milingoti yake ilibaki ikionekana juu ya maji ya bandari ileile ambamo Liverpool ilikuwa imetia nanga mwaka 1828.