Abraham Lincoln: Kiongozi Aliyepambana na Huzuni

Abraham Lincoln, Rais wa 16 wa Marekani, alizaliwa katika kibanda cha magogo huko Kentucky tarehe 12 Februari 1809. Akiwa na umri wa miaka 9 alifiwa na mama yake. Mwaka 1832 alijiunga na wanamgambo wa jimbo la Illinois, na wenzake wakamchagua kuwa kapteni wao.

Wengi humkumbuka kwa vita alivyoviongoza. Wachache hujua kwamba tangu ujana wake aliandamwa na huzuni nzito, ile ambayo madaktari wa leo huiita sonona. Januari 1841, akiwa mjumbe wa Bunge la Illinois, hali yake ilizidi hata akakosa vikao kwa siku kadhaa. Rafiki yake Joshua Speed, mwenye duka mjini Springfield, alichelea asije akajiua, akamwondolea nyembe na visu. Baadaye mwaka huo alimkaribisha nyumbani kwao Kentucky apumzike.

Jambo hilo halikuwa siri. Majirani na mawakili wenzake waliiona huzuni usoni mwake, wala hawakumtenga. Mwaka 1846 wananchi walimchagua kwenda Bunge la taifa, na mwaka 1860 wakampa Urais. Februari 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, alifiwa na mwanawe Willie. Hata hivyo hakuiacha zamu yake. Tarehe 1 Januari 1863 alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Aliuawa kwa risasi Aprili 1865, siku chache baada ya Jenerali Lee wa waasi kusalimu amri.

Nchi hiyo hiyo, mwaka 1972, ilimtendea vingine Seneta Thomas Eagleton. Ilipojulikana kwamba aliwahi kulazwa hospitali kwa maradhi hayo, alilazimika kujitoa katika kugombea Umakamu wa Rais. Lakini mwaka 1998 Waziri Mkuu wa Norway, Kjell Magne Bondevik, alitangaza hadharani kwamba anaugua, akapumzika majuma machache, akarudi kazini, na wananchi wakamwunga mkono.

Askari aliyejeruhiwa mguu hubebwa na wenzake hadi kwa daktari. Asiyelala, asiyekula na anayejitenga na wenzake huitwa mwoga. Yafaa tuiache desturi hiyo. Speed hakuwa daktari, lakini alitambua hatari mapema. Tukimwona mwenzetu katika hali hiyo, tusimwache peke yake; tumwarifu mkubwa wake, silaha yake ihifadhiwe, naye apelekwe akatibiwe.