Mwanga wa Ugenini, Milima ya Nyumbani: Maisha ya Richard Wilson

Katika mazoezi ya kufundisha, aghalabu tunaona somo la uchoraji likiwa ni kunakili picha ya ubaoni. Watoto huweka jua lenye miale pembeni mwa karatasi, lakini mti walioutia chini yake hauna upande wa nuru wala wa kivuli. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kuyaeleza maisha ya mchoraji aliyejifunza kuuona mwanga akiwa mtu mzima.

Richard Wilson alizaliwa Wales mwanzoni mwa karne ya 18, mtoto wa kasisi. Mwaka 1729 alikwenda London kujifunza uchoraji, na baadaye akapata riziki yake kwa kuchora sura za watu. Mwaka 1750, akiwa amekwisha pita umri wa miaka thelathini, alisafiri kwenda Italia. Huko Venice mchoraji Francesco Zuccarelli alimhimiza achore mandhari. Wilson akaiacha polepole kazi iliyomlisha, akafuata ile aliyoipenda.

Kisha alikaa Roma miaka kadhaa. Nje ya mji ule kuna nchi ya wazi yenye magofu, ambako jua la jioni hurefusha vivuli na vilima vya mbali hufifia. Alizichunguza picha za Claude Lorrain, Mfaransa aliyeishi Roma karne iliyotangulia, akaona jinsi sehemu ya mbele inavyotiwa giza, ya katikati ikapata nuru, na ya mbali ikapauka. Hata hivyo hakuishia katika picha za mwenzake. Alikwenda kuitazama nchi yenyewe. Mwaka 1754 alimchorea Earl wa Dartmouth michoro zaidi ya 60 ya Roma na viunga vyake. Alitumia chaki nyeusi kwa kivuli na nyeupe kwa nuru, juu ya karatasi ya rangi iliyosimama baina ya hizo mbili.

Aliporudi Uingereza aliigeukia milima ya kwao. Katika picha zake kadhaa dhahabu ya jua la Italia ingali inaonekana. Lakini katika ile ya mlima Snowdon, aliyoichora miaka ya 1760, mwanga ni wa Wales: umepoa, ziwa limetulia kama kioo, na watu wanavua samaki. Alichokileta kutoka ugenini kilikuwa jicho, si jua.

Uamuzi huo ulimgharimu. Ingawa mwaka 1768 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa, wanunuzi walipungua, akawa fukara. Mwaka 1776 alipewa kazi ya ukutubi chuoni humo. Alifariki Wales mwaka 1782. Wachoraji wakuu waliomfuata, Turner na Constable, walimheshimu sana.

Sisi walimu tunaweza kuitumia njia yake bila gharama kubwa. Tuwagawie watoto karatasi ya kaki, kipande cha makaa na chaki nyeupe. Wauchore mti mmoja wa shuleni asubuhi, na wauchore tena alasiri. Kisha tuwaulize kivuli kimehamia wapi, na kwa nini. Tusiwape jibu kabla hawajatazama.