Friedrich Kohlrausch na Kipimo cha Maji Matupu

Friedrich Kohlrausch alizaliwa Rinteln, Ujerumani, tarehe 14 Oktoba 1840, mwaka uleule aliozaliwa Emin Pasha, ambaye mwaka 1890 aliasisi kituo cha Wajerumani Bukoba. Kohlrausch mwenyewe hakujulikana kwa safari, bali kwa vipimo; na maji ya Ziwa Viktoria leo hupimwa kwa njia iliyotokana na kazi yake.

Baba yake, Rudolf, alikuwa mwanafizikia. Friedrich alihitimu shahada ya uzamivu Göttingen mwaka 1863, kisha akafundisha huko, Zürich, Darmstadt, Würzburg na Strassburg. Tatizo alilolikabili lilikuwa hili: mkondo wa umeme wa mwelekeo mmoja unapopita majini, hubadilisha hali ya elektrodi na kuharibu kipimo. Kohlrausch alitumia mkondo geu, unaogeuka upesi kiasi kwamba badiliko hilo halipati nafasi ya kukua. Aidha, aliisikiliza simu: sauti ilipofifia kabisa, kipimo kilikuwa tayari.

Lilibaki swali gumu zaidi. Je, maji yenyewe hupitisha umeme, au kinachopitisha ni uchafu tu? Kila yalipotakaswa, upitishaji ulipungua. Lakini hewa na kioo cha chombo viliyachafua upya. Mwaka 1894 Kohlrausch na Adolf Heydweiller waliyakeneka maji ndani ya ombwe. Upitishaji ulishuka hadi takriban maikrosimensi 0.04 kwa sentimita katika nyuzi 18 za Selsiasi, ukagoma kwenda chini zaidi. Kilichosalia hakikuwa uchafu. Yalikuwa maji yenyewe, ambayo sehemu yake ndogo mno hujigawa kuwa ioni.

Kuanzia mwaka 1895 hadi 1905 aliongoza taasisi ya taifa ya fizikia na vipimo huko Berlin. Alifariki Marburg tarehe 17 Januari 1910.

Maji ya ziwa yanayochotwa katika fuko za Bukoba na Muleba hupima takriban maikrosimensi 100 kwa sentimita, zaidi ya mara 1,000 ya yale ya Kohlrausch. Hata hivyo, chumvi hizo chache hazimdhuru mnywaji. Kinachomdhuru ni vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, ambavyo kipimo hiki hakivitambui. Hivyo basi, istilahi ya maji safi hubeba dhana mbili: maji yasiyochanganyika na kitu, na maji yasiyo na madhara. Kohlrausch alitimiza ya kwanza. Ya pili huhitaji vipimo vingine, na kwa mchota maji ndiyo yenye uzito.