Marehemu Siti binti Saad na Sauti Iliyosalimika

Napenda kuwasimulia maisha ya Marehemu Siti binti Saad, kwa maana habari zake zilinifumbua macho katika jambo la hesabu.

Siti alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, kwa wazazi maskini. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye Siti alitembeza vyungu akiviuza. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alijaliwa sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki, akawa mwimbaji mashuhuri wa taarab kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, Bara Hindi, nyimbo zao zikanaswa katika sahani za santuri. Alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Baadaye baadhi ya nyimbo zake zilihamishiwa katika CD. Humo sauti ni namba tupu: hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo hupewa biti 16, yaani ngazi 65,536. Kipimo kikiangukia kati ya ngazi mbili, hupelekwa kwenye ngazi iliyo karibu. Hapo sauti hafifu, kama ile ifiayo mwisho wa wimbo, huweza kuharibika au kupotea.

Nilifahamu kwa mfano wa mizani ya pamba, tunayoijua sana hapa Somanda. Tuseme inasoma kilo nzima tu. Ukiweka robo kilo itasoma sifuri, hata upime mara mia. Lakini ikitikiswa ovyo ovyo juu na chini, mara itasoma sifuri, mara moja. Ukitafuta wastani wa vipimo vingi, utaikaribia robo yako. Mafundi nao huchanganya mvumo mdogo na sauti kabla ya kuikadiria. Huo huitwa ditha. Mvumo huongezeka kidogo, lakini sauti hafifu husalimika.

Zamani nilidhani kila mchakacho ni adui wa muziki. Kumbe sahani kuukuu ina mchakacho wake unaotosha kwa kazi hiyo. Bali fundi akiisha kuusafisha, kisha akapunguza biti, hana budi kutia ditha.

Basi wenzangu, tusidharau kidogo. Muuza vyungu wa Fumba angalidharauliwa, nasi leo tungalikosa sauti yake.